Daftari la Mizigo: Siku Saba Nairobi Nikizitafuta Picha za Mjomba

Jumatatu, siku ya kwanza

Nimetoka Mombasa kwa treni ya saa mbili asubuhi, ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali kabla ya kufika Syokimau, kwa kuwa nilitaka kuiona reli ya zamani inavyojitokeza kando ya njia ikiwa imemea majani, kisha ikajificha tena vichakani. Kwenye reli hiyo kongwe mjomba wangu alifanya kazi ya ukarani wa mizigo kwa miaka 35, tangu 1964, ilipokuwa bado mali ya nchi tatu za Afrika Mashariki, hadi alipostaafu mwaka 1999, na muda wote huo alikuwa akichora picha kwa rangi za mafuta, usiku na siku za Jumapili. Hakuuza hata moja. Alifariki mwaka jana. Mama yangu, ambaye ndiye dada yake pekee aliyebaki, ana umri wa miaka 75 na magoti yake hayamruhusu tena safari ndefu, kwa hiyo amenituma mimi niende nikazione picha za kaka yake, nizipige kwa simu moja moja, nimpelekee Changamwe.

Mjomba hakutoka katika nyumba isiyojua sanaa, na hili lapaswa kusemwa mapema. Babu alikuwa mchongaji wa Wamunyu, huko Machakos, mahali ambapo uchongaji wa vinyago vya kuuza ulishika mizizi kupitia kwa Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona kazi za mafundi wa huko, akarudi nyumbani na ujuzi ambao vijana wa kijijini waliupokea na kuufanya riziki. Bibi alisuka vyondo vya katani. Wajomba zangu wawili wakubwa walichonga, baba yangu alichonga katika ushirika wa Changamwe, na mama, kama wanawake na watoto wengi wa nyumba za wachongaji, alipiga msasa. Katika nyumba ya namna hiyo sanaa ni kazi ya kuhesabiwa: twiga dazeni mbili, ndovu dazeni tatu, mnunuzi anakuja Ijumaa. Mjomba alikatwa na tezo kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto akiwa na miaka 13, na babu, baada ya kukitazama kile kidole kwa siku tatu, akaamua kwamba huyu atapelekwa shule. Hivyo ndivyo nyumba ya wachongaji ilivyompata karani.

Kutoka Syokimau nilichukua treni ndogo ya kuunganisha hadi stesheni ya mjini, kisha nikafika Kaloleni jioni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940, na miongoni mwa waliouinua walikuwa mateka wa vita wa Kiitaliano. Nyumba zake za mawe zenye vigae vyekundu bado zimesimama imara, ingawa nafasi baina yake zimejaa vibanda. Mkaza mjomba, ambaye sisi sote humwita Mwaitu, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akaniuliza habari za mama kabla sijaketi, akanipa chakula kabla sijajibu zote. Picha tatu zinaning'inia sebuleni, nami nilizijua tangu utotoni. Nyingine zote zilikwisha kutoka.

Baada ya chakula alinitolea daftari kutoka chini ya godoro. Ni daftari kubwa la mizigo, la jalada gumu lililozungushwa kitambaa cheusi kwenye mgongo, ambalo stoo ya reli ilikuwa imeliacha kwa sababu kurasa zake chache zililowa maji, na ndani yake mjomba aliandika picha zake zote kwa utaratibu uleule alioutumia kuandika magunia ya mahindi na mapipa ya mafuta: namba, tarehe, maelezo ya mzigo, uzito, mpokeaji, nauli. Uzito! Alikuwa akiibeba kila picha iliyokauka hadi kwenye mizani ya kazini na kuipima. Kurasa za mwanzo zinasema ratili, za baadaye zinasema kilo. Katika safu ya nauli, kwa kila picha, kuanzia ya kwanza, ameandika maneno yaleyale matatu: imelipwa na mtumaji.

Nilimwuliza Mwaitu maana yake. Akanieleza kwamba katika reli kuna mzigo ambao mpokeaji hulipia anapouchukua, na kuna mzigo ambao mtumaji amekwisha kuulipia, mpokeaji hadaiwi kitu, anatia sahihi tu na kwenda zake.

Ziko namba 64. Kesho naanza.

Jumanne, siku ya pili

Asubuhi nilikwenda kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971 karibu na stesheni kuu, kwa kuwa daftari linataja injini na mabehewa mara kwa mara nami nilitaka kuona kwa macho yangu kile alichokuwa akikitazama. Injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai imesimama pale nje. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja yenye uzito wa tani 252 hivi, na zote zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Nilisimama karibu na magurudumu yake, nikaelewa kwa nini mtu aliyeishi miongoni mwa vitu vya ukubwa huu angependa kupima vitu vidogo.

Lipo pia lile behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alivamiwa na simba na kuburutwa nje usiku, mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, ambayo iko katika nchi ya Ukambani. Wageni hulitafuta kwa hamu. Namba 17 katika daftari ni picha ya behewa hilo, na maelezo yake ni haya: «Behewa la Kima, dirisha wazi, simba hayupo.» Mpokeaji wake alikwisha kuhama na majirani zake hawajui alikokwenda, kwa hiyo sikuiona, na jambo hilo limenisumbua kutwa nzima, kwani katika maneno yale machache naona tayari namna mjomba alivyofikiri: mtu yeyote mwingine angemchora simba.

Alasiri nilikwenda Buru Buru, kwa binti wa marehemu mchochea moto wa injini. Yeye ndiye mwenye namba 22. Nilitarajia Mount Gelai nzima na moshi wake. Nilichokiona ni sehemu ya ubavu wa injini, rangi ya damu ya mzee, imejaza ubao wote kama ukuta, na mbele yake foleni ya watu wadogo wakiwa na madebe, magodoro yaliyofungwa kwa kamba na kuku walioning'inizwa miguu juu. Hivyo ndivyo injini inavyoonekana kutoka mlango wa stoo ya mizigo. Karani haioni yote kwa mara moja. Mwenye nyumba alinionyesha mwanamume mmoja katika foleni, mwenye kofia iliyokunjwa upande, akasema, «Huyo ni baba.» Kisha akakifuta kioo kwa upindo wa leso yake, ijapokuwa kilikuwa safi.

Jumatano, siku ya tatu

Gikomba. Nimerudi nikiwa na vumbi la mbao hadi ndani ya masikio, na nina mengi ya kuandika kuliko mkono wangu unavyoweza.

Karakana za wachongaji ziko upande wa Pumwani. Ukitoka kwenye kelele za mitumba na mabati yanayogongwa na mafundi wa masanduku, unaingia mahali ambapo sauti inabadilika na kuwa ya tezo: ko, ko, ko, kisha kimya kifupi wakati fundi anapougeuza mti. Babu alifanya kazi hapa kwa miaka kadhaa, na mjomba, kila Jumamosi alipopokea mshahara, alikuja kuketi na wachongaji hata baada ya babu kurudi Wamunyu. Nilijitambulisha kwa mzee mmoja aliyekuwa akinoa patasi. Alinitazama usoni kwa muda, akasema, «Wewe ni wa nyumba ya yule karani wa kidole,» akaniletea kigoda.

Wazee hawa walinieleza habari ya miti kwa urefu, nami nimefurahi kwamba walifanya hivyo, kwa sababu bila miti mtu hawezi kuzielewa picha nilizoziona baadaye. Zamani walichonga mpingo, mzaituni wa porini na hasa mhugu, mti mzito wenye harufu nzuri unaomea hata katika misitu ya Nairobi kama Karura. Mhugu hukua polepole mno, na biashara ya vinyago iliula kwa kasi ambayo mti wenyewe haungeweza kuifuata. Sasa wanachonga zaidi jakaranda, mwembe na mwarobaini, miti iliyopandwa na inayorudi upesi. Jakaranda ni nyeupe na laini, hupasuka ukiichonga mbichi bila kuiangalia, na mnunuzi akitaka rangi ya mti wa zamani, basi hupakwa rangi ya viatu hadi ifanane nao. Mzee wa patasi aliniwekea kipande cha mhugu mkononi, kilichobaki tangu enzi zile. Kilikuwa kidogo kuliko kiganja, lakini mkono wangu ulishuka.

Picha nne ziko hapa. Tatu zimejaa masizi kiasi kwamba niliona vivuli tu. Ya nne, namba 38, iko katika banda la ndani, na mwenye banda aliniambia kwamba katika moto uliowaunguzia kazi miaka kadhaa iliyopita (na moto ni jambo lisilokwisha Gikomba) yeye alitoka na tezo zake mbili na picha hii, akaacha ndovu wote ndani.

Nitaieleza kwa kirefu. Imechorwa kwenye upande wa nyuma wa hadibodi, ule wenye vijitundu kama alama za gunia, kwa sababu rangi hushika huko vizuri kuliko upande laini. Wachongaji watano wameketi chini ya paa la mabati, na mwanga unaingia kupitia matundu ya misumari, ukaanguka sakafuni kama shilingi zilizomwagika, juu ya vibanzi vya mbao. Mbele kabisa, kikubwa kuliko vichwa vya watu wote, ni mguu. Ni mguu wa mchongaji, umeushika mti dhidi ya gogo, kidole gumba kimeachana na vingine kwa nguvu ya miaka mingi ya kushika hivyo, na kwenye kisigino pana nyufa zilizochorwa kwa rangi ya majivu, ufa mmoja baada ya mwingine, kwa brashi ambayo lazima ilikuwa na nywele mbili tatu tu. Pembeni yake wamepangwa ndovu kumi na mmoja wasio na masikio wala mikonga, wakingoja fundi wa hatua inayofuata, maana kazi hii hugawanywa: mmoja huchapa kwa tezo, mwingine huingia na kisu, mwingine hupiga msasa.

Nimekulia kati ya vinyago. Nimeona twiga, ndovu, vifaru, wazee wenye fimbo, morani wenye mikuki, vikichongwa kwa maelfu na kupakiwa kwenye maboksi, na sijawahi kuona kinyago hata kimoja cha mchongaji akichonga. Mnunuzi hakukiagiza. Mjomba ndiye aliyegeuka upande ule na kuwatazama wenye mikono, na akaanza na mguu. Katika daftari namba 38 imeandikwa: «Baba na wenzake, Gikomba. Kilo 3 na robo. Mpokeaji: banda lenyewe.» Hakutaja jina la mtu.

Nilimwuliza mwenye banda ni yupi kati ya wale watano ndiye babu. Akasema kwamba wao wenyewe walibishana kwa miaka mingi, kisha wakakubaliana kuwa ni ule mguu.

Alhamisi, siku ya nne

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilipita kwanza kwenye jengo la zamani la Mkuu wa Mkoa, lililojengwa mwaka 1913 kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambako zamani watu walisajili vizazi, ndoa na vifo, na ambalo leo ni Nairobi Gallery, lenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mtu aliyependa kazi za mikono ya Waafrika hata akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage mwaka 1972. Mjomba alichora jengo hili, namba 9, nayo nimeiona Parklands nyumbani kwa karani mstaafu. Ni kazi ya kijana anayejifunza: nguzo zimenyooka mno na watu hawana uzito. Siandiki hivi kumpunguza mjomba. Yeye mwenyewe ameandika pembeni kwa penseli, «mawe mazuri, watu bado».

Mchana nilipanda matatu ya Kiambu Road hadi Ridgeways, kuiona Paa ya Paa. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 1965, na roho yake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, mwaka 1932, mwanafunzi wa Makerere, aliyechora ndani ya kanisa la Murang'a maisha ya Yesu katika mandhari ya Agikuyu. Jina la kituo ni fumbo ambalo Mswahili hulifurahia bila kufundishwa, kwa kuwa paa ni mnyama, paa ni la nyumba, na paa ni kuruka juu. Hapo mwanzo kituo kilikuwa mjini, na mjomba alikuwa akienda saa ya chakula cha mchana, akiwa na sare yake ya reli, akasimama mbele ya picha. Mwaka 1997 moto uliunguza sehemu kubwa ya kilichokuwa kimekusanywa. Nilitembea katika bustani yenye majani marefu yaliyolowa, nikiwaza kwamba kati ya wote waliosimama mbele ya picha zile zilizoungua, mmoja alikuwa karani ambaye hakuna kitabu cha wageni kitakachomtaja.

Ndani ya jalada la daftari mjomba amenakili usemi wa Njau unaojulikana na wengi, kwamba tusiige, maana kuiga humlaza Mungu usingizi. Chini yake, kwa wino mwingine, pengine miaka baadaye, ameongeza swali: «Na baba aliyechonga twiga mmoja mara elfu kumi, je?» Hakujibu mahali popote. Lakini nadhani namba 38 niliyoiona jana iko karibu sana na jibu.

Jioni Mwaitu alinikumbusha kuhusu Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kuhitimu masomo ya sanaa Makerere, aliyefundisha shule kwa miaka mingi, kisha akatengeneza picha kwa vipande vya karatasi za unga na sabuni, na akaja kujulikana duniani akiwa amezeeka. Mjomba alimheshimu sana. Wenzake wa kazini walikuwa wakimwambia, «Ngoja, na wewe watakuja kukugundua,» naye, kwa maelezo ya Mwaitu, alikuwa akijibu kwamba yeye hajapotea.

Ijumaa, siku ya tano

Siku ya hasara. Daftari linasema kwamba namba 50 hadi 54, picha tano za mitaa ya Muthurwa wakati wa mvua, zilipelekwa kwenye ofisi moja ya mjini zitundikwe ukumbini wanakongojea watu. Nilifika, nikaeleza, nikapelekwa ghorofa ya pili, nikarudishwa chini. Hatimaye mfagizi mmoja mzee alinivuta kando akaniambia kwamba ukumbi ulipopakwa rangi upya picha zilishushwa, zikakaa stoo, kisha mbao zake zikatumiwa kuziba dirisha lililovunjika, na dirisha lenyewe baadaye likabadilishwa. Alisema aliikumbuka moja, yenye mtoto aliyejifunika beseni kichwani. Alisema pole mara tatu, yeye ambaye hakuwa na kosa.

Sikwenda popote pengine.

Jumamosi, siku ya sita

Nimezunguka tangu saa moja asubuhi: Kariokor, ambako jina la mtaa lenyewe linawakumbuka wapagazi wa vita vilevile vilivyompeleka Mutisya Munge Tanganyika, kisha Pangani, Jericho na Makadara. Nimeona picha nne katika nyumba nne, zote zimehifadhiwa vizuri, zote ni za vitu vya karibu: sufuria juu ya jiko, baiskeli iliyoegemezwa, bibi anasuka kiondo huku uzi ukishikwa na kidole cha mguu, na ukuta wa jirani wenye jua. Wenye nazo wananipa chai, wananiuliza mjomba alikufaje, wananiambia alikuwa mtu wa maneno machache.

Ya tano ndiyo iliyonifanya nisimamishe kazi ya leo.

Ni namba 47, iko Jericho, kwa mama mmoja aliyekuwa jirani yao walipokaa katika nyumba za reli za Muthurwa. Alifiwa na binti yake wa miaka sita mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hawakuwa na picha ya mtoto, hata moja. Picha za studio zilikuwa za watu waliokuwa na akiba. Baada ya arubaini mume wake alimwendea mjomba akiwa na pesa mkononi akamwomba amchoree mtoto wake. Mjomba alizikataa zile pesa na akakaa miezi miwili bila kuwaambia lolote, hadi baba wa mtoto akadhani amekataa na ile kazi pia.

Kisha akaja na ubao uliofungwa kwa gazeti. Mtoto yuko katikati ya uwanja wa nyumba za reli, anakimbia kuelekea bombani, na ametupa mgongo. Uso hauonekani. Kinachoonekana ni kisogo chenye matuta manne, sikio moja, gauni ambalo kifungo cha nyuma kimeingia tundu lisilo lake, na nyayo za miguu, moja hewani, nyekundu kwa udongo. Mjomba aliwaambia kwamba uso alijaribu kuuchora mara nyingi, na kila mara ulikuja uso wa mtoto mwingine, naye hakutaka kuwaletea mtoto mwingine nyumbani. Lakini mgongo aliujua, kwa kuwa kila asubuhi alipokuwa akitoka kwenda kazini mtoto yule alimpita mbio akienda bombani.

Nilimwuliza yule mama kama wakati ule aliumia kutoupata uso. Alifikiri. Akasema, «Mwanangu, kile kifungo nilikifunga mimi. Kila siku nilikikosea.»

Katika daftari: «Mtoto wa jirani. Kilo 1 na nusu. Imelipwa na mtumaji.»

Jumapili, siku ya saba

Nilikwenda kanisani na Mwaitu, kisha tukarudi tukaketi mezani tukilipitia daftari mstari kwa mstari. Nimeziona picha 14. Tano tunajua zimepotea. Nyingine zilikwenda na watu wa reli kila mmoja alikohamishwa au alikostaafia: Nakuru, Kisumu, Voi, Eldoret, mbili Kampala. Mwaitu alikuwa akitaja majina ya wake zao na ya watoto wao, nami nikiyaandika pembeni, na kazi hiyo peke yake ilitufikisha saa kumi.

Mstari wa mwisho, namba 64, una neno moja tu katika safu ya maelezo: «Msasa.» Uzito hakuna, mpokeaji hakuna. Nilipouliza, Mwaitu aliinuka akaingia chumbani, akatoka na ubao uliofunikwa kwa shuka.

Ni msichana wa miaka tisa au kumi, ameketi chini kwenye mkeka, amemlaza twiga wa mbao mapajani kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga, na anamsugua shingo. Uso wake umekamilika, umeinama, midomo imebanwa kwa bidii. Twiga amekamilika hadi mabegani. Chini ya hapo ni mistari ya penseli, na mkeka ni wazo tu. Vumbi la mbao limemkaa msichana kwenye nyusi, na hilo vumbi amelichora kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote pale. Niliposogea niliona kwamba si rangi peke yake, amechanganya na vumbi lenyewe, punje halisi, ambazo Mwaitu anasema alizileta kutoka Gikomba katika karatasi ya chai.

Nilisema, kwa haraka ambayo sasa naijutia, kwamba picha hii nitaibeba mimi, nimpelekee mama. Mwaitu aliifunika kwanza.

«Haijapimwa,» akasema. «Na mzigo usio na mpokeaji hautoki stoo.»

Nilimpigia mama simu. Nilimweleza picha yote, kuanzia mkeka hadi nyusi. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, kisha akauliza swali moja: msasa umeshikwa kwa mkono gani? Nilimwomba Mwaitu aifunue tena ili nisije nikakosea.

«Wa kushoto, mama.»

«Basi ni mimi,» akasema. «Wenzangu wote walikuwa wa kulia.»

Mwaitu alikuwa amesikia. Aliichukua simu mkononi mwangu, wakaongea Kikamba, polepole, mawifi wawili ambao hawajaonana tangu mazishi, na nilichokishika ni kwamba Mwaitu hakukubali kuniachia picha. Alisema kwamba mpokeaji anayejulikana ni lazima aje mwenyewe atie sahihi.

Treni ya usiku imeondoka saa nne. Daftari limebaki Kaloleni, ila kila ukurasa wake ninao kwenye simu. Sasa hivi, tukiwa katikati ya njia, ujumbe umeingia kutoka kwa mama: anauliza kama stesheni ya Syokimau ina lifti, au mtu hulazimika kupanda ngazi.